Maji Chini ya Nyumba ya Lemuel

Verlene ndiye aliyeona kwanza. Mlango wa chumba cha bibi yake ulikuwa umeacha kufungika.

Ulikuwa mwezi wa Machi, na theluji ya mwisho ilikuwa imeyeyuka. Kila asubuhi Verlene alimpelekea Bibi Odessa kahawa, kisha akauvuta mlango nyuma yake. Mlango huo ulizoea kufungwa kwa kidole kimoja. Sasa ulikwaruza sakafu na kugoma katikati, kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Verlene aliinama akapapasa mbao za sakafu. Zilikuwa baridi, na zilinuka kama gunia lililosahauliwa mvuani.

Hakumwambia mtu. Hakuwa anaficha, ndivyo alivyokuwa tu. Maneno yalimjaa kifuani, lakini yakifika kwenye ulimi yalirudi yalikotoka. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi. Bibi Odessa alipopooza upande mmoja, Verlene aliacha shule ili amhudumie. Tangu hapo dunia yake ilikuwa nyumba hii na kiwanda cha kaa kilichokuwa mwisho wa barabara, ambako wanawake walikaa mezani wakichambua nyama ya kaa kwa visu vifupi. Wenzake walipiga soga kutwa. Verlene alichambua.

Nyumba ilijengwa na babu yake, Lemuel Pinder, kwa mikono yake mwenyewe, karibu na hori linaloingia kwenye ghuba ya Chesapeake. Kama nyumba nyingi za pande zile, haikukaa juu ya ardhi moja kwa moja. Ilizungukwa na ukuta mfupi wa matofali, na chini ya sakafu kulikuwa na uvungu ambao mtu aliweza kupita akitambaa. Lakini watu waliopita barabarani hawakuitazama nyumba. Walitazama nyasi.

Nyasi za Babu Lemuel zilisifiwa mpaka kijiji cha pili. Kila majira ya kuchipua alikodi pipa zito la chuma, akalijaza maji, akalivuta uani huku na huko mpaka ardhi ikawa sawa kama meza iliyotandikwa. Kisha alimwaga mbolea. Kisha, kabla ya Pasaka, lilikuja lori la matandazo. Hayo ni maganda na vipande vya mbao vilivyosagwa na kutiwa rangi. Wanaume wa barabara ile waliyamwaga kuzunguka kuta za nyumba na kwenye mashina ya miti, ili magugu yasiote na ua upendeze. Hakuna aliyekubali Pasaka imkute na matandazo ya mwaka jana. Ilikuwa aibu, kama kwenda kanisani na viatu visivyopigwa rangi.

Pasaka ya mwaka ule Babu Lemuel alichagua meusi. Aliyamwaga juu ya yale ya miaka iliyopita, akayapandisha mpaka karibu na mbao za ukuta. Jirani yake, Mzee Hollis Stanley, ambaye yeye alinunua mekundu, alisimama kando ya ua na mikono mfukoni. Akasema kwamba rangi ile ingefaa zaidi msibani. Babu akamjibu kwamba ndiyo, ni msiba wa nyasi za Hollis. Walicheka, wakaulizana hali. Hivyo ndivyo walivyoamkiana kwa miaka mingi.

Pasaka ilipopita, asubuhi moja Bibi Odessa aliinuka kitandani, akaegemea fimbo yake. Fimbo ikazama sakafuni.

"Lemuel," akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Njoo unitolee fimbo. Nyumba yako imeishika."

Babu aliita fundi. Fundi alifungua kijilango cha uvungu, akatambaa ndani na tochi, akatoka amepakaa tope mpaka masikioni. Alieleza kwamba chini kule kulikuwa na dimbwi. Boriti mbili zilikuwa zimeanza kuoza, na nyingine zilikuwa njiani. Angeweza kuzibadilisha, lakini hakuona faida.

"Kubadili mbao huku maji yanaingia," alisema, "ni kubadili nguo ukiwa bado umesimama mvuani."

Jioni ile Mjomba Alton, mtoto pekee aliyembakia Babu Lemuel, alipiga simu kutoka Baltimore. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alisema sakafu imeoza, ukungu umepanda ukutani, na mama yake anakohoa. Basi yatosha. Mwezi wa Agosti angekuja kwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo watu wote waliotoka kanisa lile hurudi kusali na kula pamoja. Safari hii angewachukua wazazi wake akaishi nao mjini. Nyumba ingeuzwa kwa yeyote atakayeitaka kama ilivyo. Na Verlene, alisema, ni kijana. Vijana hawakai huku. Ataenda zake.

Babu Lemuel alijibu, "Tutaona." Kinywani mwake neno hilo lilimaanisha hapana. Lakini chumbani Bibi Odessa alikohoa, kikohozi kirefu, na Babu akageuka kuutazama mlango wake.

Verlene alikuwa akiosha vyombo. Alisikia jina lake likipita kwenye simu kama gari barabarani. Halikusimama.

Babu Lemuel hakuwa mtu wa kukaa akilia. Aliagiza lori jingine la matandazo. Alimweleza Verlene kwamba wakiinua ukingo kuzunguka nyumba, maji yatakwama nje. Verlene alishika koleo, wakafanya kazi mpaka adhuhuri. Lundo likafika magotini. Babu alilipiga kwa mgongo wa koleo, akasema sasa maji na yatafute nyumba nyingine.

Siku ya pili mvua ilinyesha kweli kweli. Verlene alisimama barazani akatazama.

Aliona maji ya paa yakishuka kwenye bomba na kumwagika papo hapo, kwenye pembe ya nyumba. Aliona maji ya uani. Hayakuzama ardhini hata kidogo. Yaliteleza juu ya nyasi kama juu ya sahani. Mengine yalishuka mtaroni na kuelekea horini, yakiwa na rangi ya chai na punje nyeupe za mbolea. Mengine yalikuja nyumbani. Yalifika kwenye lundo jeusi, yakaingia ndani yake, na hayakutoka.

Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwa Bi. Ione Wheatley. Paa la Bi. Ione lilikuwa kubwa kama lao, na mvua ilikuwa ileile. Uani kwake hapakuwa na maji yanayokimbia.

Bi. Ione alikuwa mjane aliyestaafu kuendesha basi la shule. Sauti yake bado ilikuwa ile ya kuwanyamazisha watoto wa viti vya nyuma. Uani kwake palikuwa na vichaka, maua na majani yaliyofika kiunoni. Watu wa barabara walipaita Pori la Ione. Walisema amepoteza ufunguo wa mashine ya kukata nyasi na anaona haya kuuliza.

Verlene alichukua mwavuli akavuka. Alipofika langoni alisimama, asijue jinsi ya kuanza. Bi. Ione alimwona dirishani, akafungua mlango.

"Unasubiri basi? Nilishaacha kuendesha, mwanangu. Ingia."

Njia nzima Verlene alikuwa akipanga sentensi nzuri. Zilimtoka neno moja moja.

"Maji yako yanaenda wapi?"

Bi. Ione hakucheka. Alivaa buti, akamchukua nyuma ya nyumba. Alimwonyesha bomba la paa, ambalo halikuishia ukutani. Liliunganishwa na bomba jingine, likapita mbali na nyumba mpaka kwenye bonde dogo lililochimbwa, la kina cha goti, pana kama sebule. Ndani ya bonde palikuwa na mimea iliyosimama majini bila wasiwasi.

"Hii ni bustani ya mvua," alisema. "Maji yanakuja hapa, yanapumzika, yanazama. Hii mimea ni ya hapa hapa kwetu. Ilikuwepo kabla ya mabibi zetu. Mizizi yake inashuka chini kupita urefu wako. Kila mzizi ni mlango wa maji. Nyasi za babu yako zina mizizi ya kidole tu, halafu anapitisha lile pipa juu yake. Udongo unapumua kama sisi. Mtu akikukalia kifuani, utaweza kumeza?"

Verlene akatikisa kichwa.

"Na ile mbolea anayomwaga, leo imeenda wapi?"

"Horini."

"Horini. Inalisha mwani wa kijani. Mwani ukifa unaoza, na ukioza unamaliza hewa yote majini. Wewe unachambua kaa. Mwaka huu meza zimejaa?"

Verlene alifikiria zile meza, na wanawake waliorudishwa nyumbani kabla ya saa sita kwa sababu kaa walikuwa wameisha. Akatikisa kichwa tena.

Wakanywa kahawa jikoni, na Bi. Ione akamsimulia alivyojifunza. Mwanzoni walikuwa watu wa kutosha meza moja, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mmoja alikuwa mtunza miti, mmoja mvuvi wa chaza, mmoja mwalimu, na Bi. Ione mwenyewe alikuja kwa sababu choo chake kilikuwa kinafurika. Kila mtu alikuwa na tatizo lake, na walipoyaweka mezani waliona ni tatizo moja: maji yanayokimbia. Wakaanza kusaidiana, ua mmoja kila Jumamosi, kwa toroli za kuazimana. Watu wa kijiji cha jirani wakaja kutazama, wakarudi kwao wakaanzisha meza yao. Sasa meza zilikuwa nyingi, kwenye mito mingi inayoingia ghubani. Walijiita Jumuiya ya Bustani za Ghuba.

"Nitakuja kumwona babu yako," alisema Bi. Ione. "Ila sijui kama atanikaribisha."

Babu Lemuel alimkaribisha, kwa sababu hakumfukuza mtu barazani kwake. Alimpa kiti na kipande cha pai ya viazi vitamu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mdomo.

"Ione, mimi nilizaliwa kwenye kibanda cha mwenye shamba. Uani kwetu palikuwa na vumbi. Mama yangu alilifagia kila Jumamosi kwa ufagio wa vijiti mpaka mistari ikaonekana. Nyasi zilikuwa za nyumba kubwa. Mwenye nyasi ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Nilipomaliza kujenga hapa, kabla sijanunua kitanda, nilinunua mbegu za nyasi. Odessa ni shahidi."

"Tulilala chini mwezi mzima," alisema Bibi Odessa kutoka ndani. "Mgongo wangu ni shahidi."

"Leo unaniambia nizing'oe nipande magugu."

Verlene aliinamisha kichwa. Alijua habari ya vumbi, lakini hakuwahi kusikia sauti ya babu yake ikishuka vile. Alidhani mambo yameishia hapo.

Bi. Ione hakubishana. Alimaliza pai yake, kisha akauliza swali dogo.

"Lemuel, nyumba hii uliijenga wewe. Uliacha matundu ya hewa kwenye ukuta wa chini?"

Babu alikaribia kuudhika. Alisema ni mjinga gani anayejenga nyumba ya uvungu bila matundu. Bila matundu uvungu unafungwa kama chungu chenye kifuniko, unyevu unapanda, mbao zinaoza. Aliweka matundu manne kila upande, na kila tundu alilitia wavu wa chuma ili panya wasiingie.

"Nionyeshe moja," alisema Bi. Ione.

Babu Lemuel alishuka ngazi. Alikwenda upande wa chumba cha Bibi Odessa, akanyoosha kidole. Kidole kikabaki hewani. Palikuwa na lundo jeusi, na juu ya lundo palikuwa na mbao za ukuta. Ukuta wa matofali haukuonekana.

Alipiga magoti. Alianza kuchimba kwa mikono. Kwanza yalitoka meusi ya mwaka huu. Chini yake yalikuwa ya kahawia, ya mwaka uliopita. Chini tena yalikuwa mekundu, na Verlene aliikumbuka Pasaka ile. Kisha yakaja yasiyokuwa na rangi tena, yamekuwa udongo mweusi uliolowa, wenye minyoo. Pasaka juu ya Pasaka. Mwisho vidole vyake vikagusa chuma. Akasafisha wavu kwa kiganja, na hewa ikatoka ndani, nzito na ya baridi, yenye harufu ileile ya gunia.

Kila mwaka alikuwa ameinua ardhi kidogo, mpaka ardhi ikawa inainamia nyumba badala ya kuinamia barabara. Kila mwaka alikuwa ameziba pua za nyumba yake.

Alikaa chini, palepale kwenye tope. Baadaye akamwambia Verlene, bila kumtazama, amletee koleo.

Jumamosi iliyofuata watu wa jumuiya walikuja, wengine kutoka upande wa pili wa hori. Walikuja na toroli, jembe, na sufuria ya maharage na maandazi. Hawakuanza kwa kupanda maua. Walianza kwa kutoa. Waliondoa matandazo yote ukutani mpaka matofali yakaonekana. Walishindilia udongo kuzunguka nyumba ili uinamie nje, na wakaacha matundu wazi. Waliondoa malundo kwenye mashina ya miti pia. Mtunza miti alimwonyesha Verlene gome lililokuwa limelainika kama mkate uliolowa. Alimweleza kwamba matandazo si mabaya. Yatandazwe mapana na membamba, yasiguse shina wala ukuta.

Kisha wakatafuta mahali pa bonde. Bi. Ione hakukubali lichimbwe karibu na nyumba. Alipima hatua kubwa kumi na mbili kutoka ukutani. Kwanza alichimba shimo dogo na kulijaza maji. Alieleza kwamba maji yakiwa yamezama kesho yake, mahali panafaa. Yakiwa bado yapo, watafute pengine. Kesho yake shimo lilikuwa tupu.

Babu Lemuel alichimba na wengine. Mzee Hollis alikuja kusimama kando ya ua, mikono mfukoni.

"Unachimba kaburi la nani, Lemuel?"

"La ulimi wako. Nimeanza mapema kwa sababu ni mrefu."

"Ukiota msitu hapo, nitakuja kuwinda."

Maneno hayo yalimchoma Babu kuliko alivyoonyesha. Alimwambia Bi. Ione kwamba atakubali bonde na atakubali mimea, lakini hatakubali watu wapite wakisema Lemuel Pinder amezeeka na ua umemshinda. Bi. Ione alisema ana haki. Jumuiya ilikwishakosea hapo. Mwanzoni walipanda ovyo, na majirani wakakasirika, na wengine waliamriwa wafyeke. Siku hizi walifanya vingine. Kila bustani ilipewa ukingo ulionyooka. Mimea mirefu iliwekwa katikati, mifupi mbele. Na nyasi ziliachwa kuizunguka, zikikatwa vizuri, ili anayepita aone kwamba kuna mkono unaotunza.

"Ukingo niachie mimi," alisema Babu.

Aliukata kwa kamba na jembe, na ulinyooka kama mstari wa rula. Nyasi zilizobaki zilikuwa nusu ya zile za zamani. Aliinua kisu cha mashine ili ziachwe ndefu kidogo, na pipa la chuma hakulikodi tena. Verlene alipanda miche. Alijifunza kuijua kwa majani: maua mekundu yanayopendwa na ndege wadogo wavumao, nyasi ndefu zinazogeuka dhahabu, mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa ambao vipepeo wa rangi ya chungwa hutagia mayai. Mikono yake, iliyozoea kaa, ilikuwa myepesi. Mtunza miti alisema hakuona mche hata mmoja uliovunjika.

Mvua ya kwanza ilijaza bonde mpaka juu. Mzee Hollis alitoka mapema kutazama. Alimwambia Babu kwamba sasa wana bwawa la mbu, na yeye atalazimika kulala amevaa soksi. Babu alikwenda kusimama ukingoni, uso umemshuka. Verlene ndiye aliyekumbuka aliyofundishwa. Alimnong'oneza babu yake kwamba mbu anahitaji wiki nzima ya maji yaliyotulia ili akue, na haya hayatakaa hivyo. Wasubiri. Kesho yake jioni bonde lilikuwa na tope tu, na siku ya tatu hata tope lilikuwa limekauka.

Babu alikwenda mpaka kwenye ua wa Hollis. "Njoo uvue soksi," alimwambia.

Mwezi wa Julai fundi alirudi. Alitambaa uvunguni na kutoka na vumbi magotini. Alisema sasa mbao zake hazitakwenda bure. Alibadilisha zile boriti mbili, na Mzee Hollis alishika ncha ya pili bila kuombwa. Walipokuwa wakinywa maji, Hollis aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa siri, je, na kwake matundu yako wapi. Babu Lemuel alichukua koleo lake, wakaenda wote wawili. Walichimba mpaka jua likapungua. Baada ya Hollis alikuja mwenye duka la chambo, kisha mchungaji, kwa sababu ukumbi wa kanisa nao ulinuka.

Basi jumuiya ikawa inakutana kanisani, maana ukumbi wa zimamoto ulikuwa hauwatoshi tena watu wa barabara ile na za jirani. Siku moja walikuja wageni kutoka ng'ambo ya ghuba, na wengine kutoka mito ya kaskazini. Kila kundi lilikuwa limejifunza kivyake, kwa makosa yake. Walikubaliana kufundisha mambo yaleyale, ili mtu akihama asilazimike kuanza upya: maji yazame pale yanapodondoka, mimea iwe ya mahali pale, mbolea isimwagwe bila kupima udongo, na kila ua utunzwe hadharani ili jirani aone. Bi. Ione aliwapigia kelele waliokaa nyuma wasogee mbele. Babu Lemuel aliombwa kueleza habari ya Pasaka juu ya Pasaka. Aliieleza akiwa amesimama, na hakuficha kitu. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wengi waliondoka mapema kidogo kwenda kutazama kuta zao.

Agosti ikafika, na Jumapili ya Kurudi Nyumbani. Mjomba Alton alikuja na gari kubwa, viti vya nyuma vimekunjwa ili mizigo ipate nafasi. Baada ya ibada walikula nyumbani: kaa wa kuchemsha, kuku, mahindi, nyanya za uani. Bibi Odessa alikula na kuomba tena. Hakuwa amekohoa wiki nyingi.

Alton alikagua kila mahali. Alirukaruka sakafuni chumbani kwa mama yake. Aliinama uvunguni. Alisimama kwenye bustani ya mvua, ambamo mimea ilikuwa bado mifupi lakini maua mekundu yalikuwa yameanza, na ndege mmoja mdogo alikuwa akining'inia hewani mbele yake bila kumwogopa. Aliporudi mezani alikuwa mpole.

"Baba, kazi nzuri. Sikutegemea. Nyumba ni kavu." Akazungusha glasi yake. "Lakini tuseme kweli. Wewe una miaka themanini. Mama hawezi kushika jembe. Mwaka huu mmeweza. Mwakani nani atang'oa magugu? Nani atasafisha mabomba? Ua huu unataka mtu. Tuiuze sasa ikiwa nzima. Mtu atainunua, na nyinyi mtapumzika kwangu."

Babu Lemuel alitazama sahani yake. Safari hii hakusema "tutaona." Bibi Odessa alilaza mkono wake mzima juu ya meza, karibu na mkono wa mumewe.

"Verlene yupo," alisema Babu, bila nguvu.

"Verlene ni kijana, Baba. Usimfunge hapa. Kwa miaka yote amekaa kwa sababu ya Mama. Ana haki ya kwenda kutafuta maisha. Hata yeye mwenyewe anajua."

Wote walimtazama Verlene kwa huruma, kama mtu anayefunguliwa mlango aliousubiri muda mrefu. Alikuwa amesimama na bakuli la mahindi mkononi. Aliyajua maneno aliyotaka kuyasema. Yalikuwa yamekaa kifuani mwake tangu utotoni, tangu siku alipolala barazani akisikiliza vyura wa horini, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Yalipanda kama kawaida. Yalifika kwenye ulimi. Aliweka bakuli mezani.

"Sikukaa kwa sababu ya Bibi, Mjomba," alisema. "Nilikaa kwa sababu napapenda. Sijawahi kutaka kwenda popote. Nyumba hii naitaka. Nataka kuishi humu mpaka nizeeke."